Histamini si dawa, wala si ugonjwa

Juzi kwenye duka la dawa, Usita wa Mui hapa Lamu, kijana aliyechomwa na nyigu alinyoosha mkono uliovimba akasema, “Ami, nipe histamini.” Muuzaji akampa piriton, dawa ya mzio, kimya. Wengine husema “mwanangu ana histamini,” kama mtu asemavyo ana surua.

Histamini ni kemikali ambayo mwili huitengeneza wenyewe kutokana na histidini, kijenzi kimoja cha protini, na kuiweka akiba hasa kwenye seli za masti, zilizojaa ngozini, puani, mapafuni na tumboni. Nyigu akichoma, seli hizo huimwaga. Vimishipa vya damu hutanuka na kuanza kuvuja, maji na chembe nyeupe vikapenya hadi penye jeraha. Ndio wekundu, joto na uvimbe ule. Ikigusa neva, unawashwa.

Sasa jina. “Histos” kwa Kigiriki ni kitanda cha mfumi, au kitambaa chenyewe kilichofumwa. Wanasayansi wakalichukua kuiita tishu ya mwili. “Amini” ni jamii ya kemikali, haihusiani na imani. Histamini ilitengenezwa maabara mwaka 1907, na 1910 Henry Dale na Patrick Laidlaw wakaeleza inavyofanya kazi mwilini. Dawa ni antihistamini, na “anti” ni “dhidi ya”. Kijana wetu alimeza kiambishi, akaomba kilekile kinachomvimbisha! Tena dawa hiyo haiifuti histamini. Hukalia vipokezi vyake tu, yaani pale inaposhika kwenye seli, histamini ikawa kama mgeni aliyefika akakuta baraza limejaa: yupo, ila hana pa kukaa.

Linalonikera zaidi ni la jodari. Jodari akikaa juani mashuani bila barafu, bakteria hugeuza histidini ya nyama yake kuwa histamini, na ukimkaanga au ukimpika wa nazi haiondoki. Mlaji anaiva uso, kichwa kinamgonga, anawashwa, kisha anatangaza ana mzio wa samaki. Kwenye mzio, mwili wake ndio unaoimwaga. Hapa imekuja sahanini. Piriton husaidia kotekote, ndipo watu wanapochanganya.

Shemeji yangu hajamgusa jodari tangu sahani moja ya namna hiyo. Shemeji, kamuulize daktari kwanza, lakini waliokula nawe siku ile waliwashwa wote. Mzio haugawanywi sinia zima.