Nadir Shah na yale ninayoyasikia kila muhula

Kila muhula tukifika karne ya 18, mkono wa kwanza kunyanyuka darasani huja na lilelile: Nadir Shah, aliyetawala Uajemi (Iran ya leo), alikuwa mfalme wa Kishia aliyepigana ili aeneze Ushia. Nimechoka nalo. Watu husikia "Uajemi", wakaona hapana haja ya kutazama alichofanya mtu mwenyewe.

Waliofanya Ushia kuwa dini ya dola ni Wasafawi, ukoo uliotawala Uajemi kabla yake, tangu 1501. Nadir ndiye aliyewaondoa. Mwaka 1732 alimng'oa mfalme wao, Shah Tahmasp wa Pili, akaweka mtoto mchanga kwenye kiti, kisha 1736 akawakusanya wakuu wa nchi katika uwanda wa Mughan ili wamwombe yeye atawale. Akakubali kwa masharti. Waajemi waache kuwalaani makhalifa watatu wa mwanzo, ambao Wasunni huwaheshimu, na Ushia wao uhesabiwe kuwa madhehebu ya tano tu, ya Jaafari, kando ya yale manne ya Sunni. Mwanazuoni mkuu aliyenong'ona kuwa watu bado wanawataka Wasafawi alinyongwa. Mali za wakfu zilizokuwa zikiwalisha wanazuoni zikaenda kulipa jeshi. Mtetezi wa Ushia gani huyo?

Nikishasema hivyo, wapo wanaoruka upande wa pili: basi alikuwa Sunni! Hapana. Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia hadi nistaafu: kabla ya kuuliza mfalme aliamini nini, uliza askari wake walikuwa nani na nani aliwalipa. Jeshi la Nadir lilijaa Waafghani, Wauzbeki na Waturkmeni, wengi wao Wasunni. Laana zile zingewagawa. Tena alitaka Waturuki wa Uthmaniya wamtambue. Walilikataa dai la madhehebu ya tano, naye mwaka 1746 akafanya nao mkataba bila hilo.

Mengine nitayapitia haraka. Hakuwa wa damu ya kifalme: alikuwa Mturkmeni wa kabila la Afshar, mtoto wa watu wa chini wa Khorasan. Wala hakuitawala Delhi. Baada ya kulishinda jeshi la wafalme wa Mughal wa India huko Karnal, kaskazini mwa Delhi, Februari 1739, aliingia mjini. Uvumi ulipoenea kwamba ameuawa na askari wake wakashambuliwa, aliamuru mauaji yaliyomaliza maelfu ya watu kwa siku moja. Kisha akamrudishia mfalme wa Mughal, Muhammad Shah, taji lake, akabaki na ardhi za magharibi ya Mto Indus, na Mei akaondoka na hazina, almasi ya Koh-i-Noor na Kiti cha Tausi, kiti cha enzi cha Mughal. Kiti kinachoonyeshwa Tehran kwa jina hilo ni kingine, cha karne ya 19.

Kuna wanaodhani mali ile iliitajirisha Uajemi. Alisamehe kodi miaka mitatu, halafu akaikamua nchi kuliko mwanzo, kwa kuwa vita havikukoma. Maasi yakazaliwa, naye akayajibu kwa minara ya mafuvu. Mwaka 1742 alimtoboa macho mwanawe Reza Qoli kwa kumshuku. Juni 1747 maofisa wake wakamuua hemani.

Na kuna hili la kwetu pwani: wapo wanaounganisha Washirazi, watu wa pwani wanaosema asili yao ni Uajemi, na majeshi yake. Jamani! Masimulizi ya Washirazi wa Kilwa yanamtangulia kwa karne nyingi. Uhusiano wa kweli umepitia Oman. Mwaka 1737 mtawala wa Oman, Imamu Saif bin Sultan wa Pili, wa ukoo wa Yaarubi, aliomba msaada wa Nadir dhidi ya wapinzani wake. Waajemi wakaja, wakakaa kama mabwana. Liwali wa Sohar, bandari ya Oman, Ahmad bin Said, ndiye aliyestahimili mzingiro wao, na kwa sifa hiyo akachukua uimamu na kuanzisha utawala wa Busaidi. Akina Mazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa kwa niaba ya Oman, hawakumtambua, wakajitawala, mpaka mjukuu wake Sayyid Said alipowaondoa mwaka 1837.