Kisima cha Mtu Asiyejua: Namna Tunavyokadiria Hatari ya Kutobolewa kwa Taka za Nyuklia

Kazi yangu ni kutathmini usalama wa muda mrefu wa mahali zinapozikwa taka za nyuklia, na swali linalonisumbua kuliko yote halihusu miamba wala kutu ya mapipa. Linahusu mtu ambaye bado hajazaliwa, atakayekuja na mtambo wa kuchoronga akitafuta mafuta, maji au madini, bila kujua kilichomo chini ya miguu yake. Tabia ya mwamba hupimika maabara, ilhali tabia ya mtu huyo haina kipimo. Hata hivyo sheria hutudai namba, na hapa nitaeleza namba hiyo hupatikanaje na ina thamani gani, kwa kutumia hifadhi ya taka iitwayo WIPP, iliyo karibu na mji wa Carlsbad, jimbo la New Mexico, Marekani.

WIPP ilianza kupokea taka mwezi Machi 1999. Humo huzikwa nguo za kazi, vifaa na mabaki mengine yaliyochafuliwa na plutoniamu katika utengenezaji wa silaha, mita 655 chini ya ardhi, ndani ya tabaka nene la chumvi. Chumvi haipitishi maji kwa urahisi, na ikielemewa na uzito wa miamba iliyo juu yake hujongea polepole hadi ikafumbata kilichomo. Pasipo mkono wa binadamu, hesabu zinaonyesha kwamba karibu hakuna kitakachotoka katika miaka 10,000 inayotajwa na sheria. Tatizo ni jirani zake: bonde hilohilo lina mafuta, gesi na potashi, madini ya kutengenezea mbolea, na potashi yenyewe iligunduliwa mwaka 1925 na watu waliokuwa wakitafuta mafuta.

Kanuni za mwaka 1996 za EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, zinaagiza tuchukulie kwamba ulinzi wa eneo hautadumu zaidi ya miaka 100 baada ya hifadhi kufungwa. Baada ya hapo visima huchukuliwa kuwa vitachorongwa popote na wakati wowote, kwa teknolojia ya leo, na kwa kasi inayotokana na kuhesabu visima virefu vilivyochorongwa bondeni humo katika miaka 100 iliyopita. Maombi ya kwanza ya kibali cha WIPP yalipata visima 46.8 kwa kila kilomita ya mraba katika miaka 10,000, yaani wastani wa kisima kimoja kila baada ya miaka 214 hivi.

Kisima kikipita kwenye taka, keekee hukata kipande chake na matope ya kuchorongea hukipandisha juu. Matope hayo pia humomonyoa kuta za tundu, na gesi iliyotokana na kutu ya vyuma na kuoza kwa karatasi na mbao inaweza kusukuma taka nyingine nje. Ninachokihofia zaidi ni kisima kinachoendelea kushuka hadi tabaka lililo chini ya chumvi, ambako kuna mifuko ya maji ya chumvi yenye shinikizo kubwa. Kisima cha utafiti kiitwacho WIPP-12 kiliugusa mfuko wa namna hiyo mwaka 1981. Maji hayo yakipanda na kulowesha taka, kisima kitakachofuata kinaweza kuyatoa juu yakiwa yamebeba plutoniamu. Ndiyo maana mpangilio wa visima una uzito sawa na idadi yake.

Sasa tazama jambo la ajabu. Katika tathmini ya mwaka 2014 kasi ilipanda hadi 67.3, na katika ile ya 2019 ikafika 99. Chumvi haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni soko la mafuta na mbinu za kuyachimba. Wapo wanaoicheka kanuni hii, wakisema mafuta yatakwisha mapema mno kabla ya miaka 10,000 kutimia. Ni kweli, lakini kabla ya katikati ya karne ya 19 nani alichoronga kisima kirefu akitafuta mafuta? Watu wa baadaye wanaweza kukitamani kitu ambacho leo tunakipita, pengine chumvi yenyewe. Mimi siisomi namba hii kama utabiri. Ni makubaliano ambayo yeyote anaweza kuyahesabu upya, na yana faida ya kumwadhibu anayejenga hifadhi jirani na visima vya mafuta.

Kwa mradi mwingine wa kuzika taka za nyuklia, ule wa Yucca Mountain huko Nevada, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilisema mwaka 1995 kwamba sayansi haina msingi wa kukadiria uwezekano wa uvamizi wa namna hii, na likapendekeza kudhani kisima kimoja tu kisha kupima athari zake. Njia hiyo hupima vizuri uimara wa hifadhi, ila haiulizi kwa nini mtu achoronge hapo. Wafini walianza na swali hilo: hifadhi yao ya Onkalo, kule Olkiluoto, imechimbwa zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wa kale usio na madini yanayojulikana kuwa na thamani.

Zimebaki alama za onyo. WIPP imepanga tuta kubwa, nguzo za graniti na maandishi katika lugha saba, Kinavajo kikiwemo (Kiswahili hakimo). Waombaji walitaka alama hizo zipunguze hatari kwenye hesabu kwa karne kadhaa, na mwaka 1998 EPA ikakataa. Naunga mkono uamuzi huo kwa sababu ya ziwa Peigneur, Louisiana. Mwezi Novemba 1980 mtambo wa mafuta ulitoboa mgodi wa chumvi uliokuwa chini ya ziwa hilo, na ziwa zima likamwagikia mgodini. Wachimbaji waliokoka, lakini mgodi ule haukuwa siri: ulikuwa ukifanya kazi siku hiyohiyo na ramani zake zilikuwepo. Kwa hiyo hifadhi ikiletwa mezani kwangu, alama zake sizipingi, zijengwe, ila katika hesabu nazipa sifuri.