Kulala porini Sarek: mto ndio unaopanga ratiba

Ndugu zangu mlioko Stockholm, Malmö na hata nyumbani Moshi mmekuwa mkiniuliza hasa kazi yangu huku kaskazini ni ipi, maana picha ninazoweka ni za hema, mawe na maji tu. Kwa ufupi, naongoza vikundi vidogo vya watu kwa miguu kupita Hifadhi ya Taifa ya Sarek nchini Uswidi. Safari huwa ya siku nane au tisa, na tunalala popote ardhi inapotukubali. Kwa urefu ni maelezo yafuatayo, na sehemu kubwa nitazungumzia mito, kwa sababu Sarek mto ndio unaoamua uamke saa ngapi, ulale wapi na ufike lini.

Sarek iko wilaya ya Jokkmokk, juu ya Duara la Aktiki. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1909, pamoja na hifadhi nyingine za mwanzo kabisa za Uswidi, na mtu aliyehangaika sana nayo alikuwa mwanasayansi Axel Hamberg, aliyeanza kuichunguza mwaka 1895 na hakuiacha kwa zaidi ya miaka 30. Ina karibu kilomita za mraba 1,970, barafu za milimani zipatazo 100, na vilele sita vinavyozidi mita 2,000. Tangu mwaka 1996 ni sehemu ya Laponia, eneo la Urithi wa Dunia, lililoorodheshwa kwa ajili ya maumbile yake na pia kwa ajili ya utamaduni wa Wasami, wenyeji wa ardhi hii.

Anayetoka Kilimanjaro atauliza kwanza kuhusu urefu. Huko hakuna shida. Sarektjåkkå, kilele cha juu kuliko vyote hapa, kina mita 2,089. Kikiwekwa Kilimanjaro hakifiki hata Mandara, kituo cha kwanza cha kulala. Mabondeni tunakotembea ni chini ya hapo sana. Kichwa hakiumi, pumzi haikatiki. Kinachochosha ni mambo mengine: hakuna njia iliyochongwa, hakuna vibao, hakuna nyumba za kulala ndani ya hifadhi, na simu haishiki mtandao. Njia pekee yenye alama ni Kungsleden, inayokata pembe ya kusini-mashariki tu.

Na hakuna mpagazi. Hili nalisema mapema kwa kila mgeni, kabla hajalipa hata senti. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20. Sarek mgeni mwenyewe, daktari au mhasibu wa mjini, anaanza safari na kilo 18 mpaka 22 mgongoni: hema, mfuko wa kulalia, godoro, nguo za mvua, jiko la gesi na chakula cha siku zote. Mimi nilianza maisha ya mlima nikiwa mmoja wa wagumu, yaani wapagazi, mzigo kichwani, na sijaona njia bora kuliko hii ya kumfanya mtu aelewe kazi ile. Wapo wageni wangu waliowahi kupanda Kilimanjaro ambao siku ya pili ya Sarek wananiuliza tena, kwa sauti tofauti, wapagazi wao walikuwa wanalipwa kiasi gani.

Chakula nakipima gramu kwa gramu, kati ya 600 na 700 kavu kwa mtu kwa siku. Ugali ni mtamu lakini unakula gesi. Dagaa wakavu, kinyume chake, ni hazina: wepesi, wana protini, chumvi na mafuta, wanaiva kwa dakika chache ndani ya supu. Kila mwaka naagiza wa Kigoma, na wageni wa Kiswidi wanaokunja uso siku ya kwanza huwa wanaomba waongezewe siku ya tano.

Sasa, uhuru wa kulala popote unatoka wapi? Uswidi kuna haki ya kila mtu, allemansrätten, inayomruhusu yeyote kutembea katika ardhi asiyoimiliki na kulala usiku mmoja bila kumsumbua mwenyewe. Tangu 1994 haki hiyo imetajwa katika katiba. Norwe jirani wana sheria yao ya mwaka 1957: hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba yenye watu, na usikae zaidi ya siku mbili mahali pamoja bila ruhusa, isipokuwa milimani mbali na makazi. Lakini hifadhi za taifa zina kanuni zake, na hapo watu wanachanganya. Katika Hifadhi ya Abisko, ambako Kungsleden inaanzia, unaruhusiwa kupiga hema sehemu zilizotengwa tu. Sarek unaweza kupiga hema popote. Usidhani kanuni ya bonde moja inatumika bonde linalofuata. Soma kanuni za kila hifadhi kabla ya kwenda.

Njia ninayoipenda inaanzia Ritsem. Tunapanda treni mpaka Gällivare, halafu basi, halafu boti kuvuka ziwa Akkajaure. Tunatembea kuelekea kusini-mashariki mpaka bonde pana la Ruohtesvágge, tunafika Skarja ambako mabonde makubwa yanakutana, kisha tunateremka Rapadalen mpaka Aktse, ambako Kungsleden inatupokea.

Mito ya Sarek ni ya aina mbili, na mgeni wangu lazima azitofautishe kufikia siku ya pili. Ule wenye maji maangavu unatokana na mvua, theluji iliyobaki au maziwa ya juu. Unaweza kuinama ukanywa, na sisi tunakunywa hivyohivyo bila kuchemsha. Ule wenye rangi ya maziwa yaliyotiwa maji unatoka chini ya barafu, na weupe wake ni unga wa mawe yaliyosagwa na barafu inaposogea. Shida yake ni kwamba huoni chini. Kina cha goti na kina cha kiuno vinaonekana sawasawa.

Mto wa barafu unafuata jua. Mchana wa joto barafu inayeyuka, maji yanachukua saa kadhaa kuteremka, kwa hiyo jioni ndipo unapojaa. Usiku unapoa, na alfajiri ndipo unapokuwa mdogo kuliko wakati wote. Ndiyo maana katika siku za jua tunapiga hema kabla ya mto, tunalala, tunaamka saa kumi alfajiri na kuvuka tumbo likiwa na chai tu. Kifungua kinywa kinaliwa ng'ambo.

Mvua inaugeuza mpango huo juu chini. Mvua ikinyesha usiku kucha, mto uliovukika saa mbili usiku hauvukiki alfajiri, wala pengine kesho yake kutwa. Kwa hiyo mawingu mazito yakianza kuingia kutoka magharibi, upande wa Norwe, nafanya kinyume: navusha kikundi jioni hiyohiyo, hata kama wamechoka, hata kama kuna mtu amenuna. Uamuzi huu, kuvuka leo au kulala huku, ndio ninaolipwa kwa ajili yake. Kuonyesha njia kwa ramani hata kijana wa skauti anaweza. Naanza kuufikiria saa sita mchana, naangalia mawingu, nahesabu saa za jua tulilopata, nakumbuka mto wa jana ulikuwaje, na nikishaamua nawaeleza wageni sababu zote, kwa kuwa mtu anayeelewa kwa nini anaamshwa saa kumi anaamka kwa moyo tofauti.

Kuvuka kwenyewe kuna utaratibu. Natafuta mahali mto ulipotanuka na kugawanyika mikono mingi, kwa sababu maji yakisambaa yanakuwa mafupi. Sivuki kwenye kona, ambako upande wa nje huwa na shimo. Naangalia chini ya mkondo: mtu akianguka atapelekwa wapi? Kama ni kwenye maporomoko, hapo si pa kuvukia hata maji yakiwa ya kifundoni. Halafu nasikiliza. Mawe yakisikika yanagongana chini ya maji, mto una nguvu ya kubeba mawe, na mguu wa binadamu hauna uzito wa kushindana nao. Tunasubiri.

Tukiingia, mkanda wa kiunoni na wa kifuani unafunguliwa, ili mtu akianguka auvue mzigo mara moja. Viatu havivuliwi kabisa. Tunabadili na kuvaa vyepesi vya majini, kwa kuwa maji ya barafu hutia ganzi mguu kwa dakika chache na mguu uliokufa ganzi hauhisi jiwe. Uso unaelekea yanakotoka maji, fimbo mbele, hatua ndogo za pembeni, na daima pointi mbili zikiwa zimeshika chini. Maji yakipanda juu ya magoti na yanakwenda kasi, ninawarudisha. Kutembea saa tatu kwenda juu, karibu na barafu ambako mto bado ni vijito, si hasara. Skarja kuna daraja la kiangazi juu ya mto Smájllajåhkå, ambao usingevukika kwa miguu pale, na kibanda chenye simu ya dharura. Hata hivyo mimi sitembei bila kifaa cha setilaiti, kwa sababu mtu huvunjika mguu mahali alipo.

Hema nalo linafuata maji na upepo. Sipigi kwenye changarawe ya ukingoni, hata iwe tambarare kiasi gani, kwa sababu changarawe ile imeletwa na mto na mto utarudi kuichukua. Sipigi shimoni, ambako hewa baridi hutuama usiku. Natafuta kinundu kikavu chenye nyasi, na hema refu nalielekeza ncha yake nyembamba kwenye upepo. Kuvu weupe wa mawe (laikeni) wanaofunika ardhi hapa, wanaokua milimita chache tu kwa mwaka, hatuwakanyagi ovyo. Ndicho chakula cha reindia, jamii ya kulungu wenye pembe za matawi, wakati wa baridi.

Na reindia hawa si wanyama pori. Kila mmoja ana mwenyewe, na alama ya mwenyewe imekatwa sikioni. Majira ya kiangazi familia za Wasami hukusanya makundi ili kuwatia ndama alama, na kundi likishtuliwa na watalii linaweza kutawanyika, kazi ya siku nzima ikapotea. Nikiona kundi linaswagwa, tunakaa chini. Tunakaa mpaka limepita, hata saa mbili. Mgeni anayelalamika namkumbusha kuwa yuko malishoni kwa watu. Choo ni shimo la sentimita 15, mbali na maji, na karatasi tunarudi nayo mjini ndani ya mfuko uliofungwa. Hilo halina mjadala.

Rapadalen yenyewe ni nzuri na ni ngumu. Mto unajigawa katika visiwa na vidimbwi, elki, jamii ya kulungu wakubwa sana, wanakula vichakani, na dubu wapo ingawa ni nadra kuwaona. Lakini vichaka vya mierebi vinafika kifuani, chini yake kuna matope, na mwendo unashuka hadi kilomita moja kwa saa. Julai mbu ni wingu. Wageni wengi hukata tamaa hapa, si kwenye baridi. Hali ya hewa ikiruhusu tunapanda Skierffe, mwamba wa mita 1,179 ambao ukuta wake umesimama wima kiasi cha mita 700 juu ya delta ya ziwa Laitaure, na pale hata mimi niliyezoea huwa nanyamaza.

Kuhusu baridi, nisome vizuri wewe uliyezaliwa pwani. Hatari si nyuzi za chini sana. Kiangazi mchana huwa nyuzi 10 hadi 15. Hatari ni mvua, upepo na nguo za pamba kwa pamoja. Jinzi na fulana ya pamba ziache Stockholm. Vaa sufu mwilini na koti lisilopitisha maji juu. Ninamtazama zaidi mtu aliyekuwa mzungumzaji akanyamaza, au anayeshindwa kufunga zipu ya koti lake. Hapo hatuendelei. Hema linapigwa palepale, nguo kavu, mfuko wa kulalia, chai yenye sukari nyingi. Pombe hapana.

Mkiniuliza mwezi gani, nasema wiki za mwisho za Agosti mpaka katikati ya Septemba. Julai usiku hauna giza na mito imejaa. Septemba mbu wameisha, mito imepungua, majani yamekuwa mekundu, na usiku umerudi, kwa hiyo taa za kaskazini, ile mianga ya rangi angani, zinaweza kuonekana. Theluji nayo inaweza kuanguka. Angalieni ratiba za mabasi na boti, kwani huduma za kiangazi husimama Septemba hiyohiyo. Na kwenye maziwa ya Kungsleden kuna mitumbwi ya makasia ya bure, mitatu kwa kila mvuko, yenye sharti moja: kila upande lazima ubaki angalau mmoja. Ukikuta mmoja tu upande wako, unapiga makasia hadi ng'ambo, unaufunga wa pili nyuma na kurudi nao, unauacha, ndipo unavuka tena. Laitaure ni kilomita tatu kila mvuko. Wekeni nusu siku ya ziada kwa ajili hiyo, na kuanzia leo anzeni kupanda kilima kilicho karibu nanyi mkiwa na kilo 15 mgongoni, mara mbili kwa wiki.