Lincoln hakushindwa kila uchaguzi

Wahamasishaji wengi hupenda kusimulia kwamba Abraham Lincoln aliangushwa katika kila uchaguzi hadi mwaka 1860, alipochaguliwa Rais wa Marekani. Habari hiyo si sahihi, na inamnyima haki yake.

Ni kweli, mwaka 1832 aligombea Bunge la jimbo la Illinois akawa wa 8 kati ya wagombea 13. Lakini tazama New Salem, kijiji alichoishi: kati ya kura zipatazo 300, yeye alipata 277. Waliomfahamu walimpa. Kwingineko, kijana huyo wa miaka 23 alikuwa mgeni tu, na sehemu kubwa ya muda wa kampeni aliumalizia jeshini. Mwaka 1834 alishinda, kisha 1836, 1838 na 1840, mfululizo. Aliwaongoza wabunge wenzake wa chama cha Whig, na mwaka 1837 alikuwa mstari wa mbele kuhamisha makao makuu ya jimbo kutoka Vandalia kwenda Springfield.

Husemwa pia kwamba mwaka 1848 chama kilimtosa asirudi Kongresi, yaani Bunge la taifa. Hapana. Wanachama wa eneo lake walikuwa wamekubaliana kupokezana kiti, naye akampisha mwenzake. Useneta ndio alioukosa kweli, 1855 na 1858.