Meiosisi: kubadilishana si kubadilika

"Meiosisi huleta mabadiliko ya jeni." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno, tena kwa watu wanaoijua biolojia vizuri.

Maana kwanza, haraka. Katika meiosisi, yaani mgawanyiko unaotoa seli za uzazi, kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) hunakiliwa mara moja, kisha seli hugawanyika mara mbili, hivyo kila seli inayotoka huwa na nusu ya kromosomu. Kwa binadamu 46 huwa 23, ili yai likikutana na mbegu ya kiume hesabu irudi palepale. Jina lenyewe ni la Kigiriki na maana yake ni kupungua. Wanabiolojia wawili wa Uingereza, Farmer na Moore, ndio waliolipendekeza mwaka 1905, wakiliandika maiosis. Kupungua tu, habari ya kubadilika haimo.

Kinachonikera ni neno letu wenyewe, mabadiliko. Kitenzi badili kina watoto wengi, nao hawafanani tabia. Jeni ikibadilika, herufi za DNA yake zimekuwa nyingine: hiyo ni mutesheni. Kromosomu mbili za jozi moja, ya baba na ya mama, zikilaliana mwanzoni mwa meiosisi na kupeana vipande, hapo zinabadilishana. Kwa kawaida jeni zenyewe hutoka kama zilivyoingia, ila zimepata majirani wapya. Kisha jozi 23 hujipanga kila moja kivyake, na kwa mpangilio huo peke yake mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko 8,388,608 ya kromosomu. Ni kuchanga karata. Mkono unaopewa haujawahi kuonekana, lakini hakuna karata iliyochorwa upya. Mchoraji ni mutesheni.

Kosa hilo huzaa jingine: kwamba penye uzazi usio wa kijinsia hakuna tofauti yoyote. Bakteria hujigawa na haidra, mnyama mdogo wa majini, huchipuka bila meiosisi, ndiyo, na watoto hutoka karibu sawa kabisa na mzazi. Lakini makosa ya kunakili DNA hayasubiri meiosisi, na bakteria huweza hata kupeana vipande vya DNA bila kuzaa. Usugu wa dawa huenea hivyo pia.

Halafu kuna mmea unaojichavusha. Mzazi mmoja, kwa hiyo watu huuweka upande wa uzazi usio wa kijinsia. Hapana. Chavua na yai vimepitia meiosisi, kisha vikaungana. Ni uzazi wa kijinsia kamili, na maadamu nakala mbili za jeni za mzazi zinatofautiana, miche yake inaweza kutofautiana pia. Kinachoamua ni meiosisi na muungano wa gameti (seli za uzazi), si idadi ya wazazi. (Na wanaodhani kijinsia maana yake lazima kujamiiana, hao nitawarudia siku nyingine.)

Kwa hiyo huna haja ya kuifuta sentensi yako yote. Ondoa "mabadiliko", weka "tofauti": meiosisi huleta tofauti kati ya watoto wa wazazi walewale. Na ukifika kwenye zile kromosomu zinazopeana vipande, sema zinabadilishana, na hiyo -ana ya mwisho usiimeze.