Saa ya kompyuta inachelewa? Iache betri kwanza

"Fundi, saa inachelewa, nibadilishie betri." Wiki hii nimeisikia mara nne, na mteja mmoja alifika na betri mkononi, ameshainunua njiani. Basi tuanze na hiyo, kauli nyingine za wateja zisubiri.

Betri ile ya duara, CR2032 ya volti 3, ina kazi ya kuilisha saa ya kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, pale tu umeme mwingine usipofika. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa na swichi ya ukutani haijazimwa, saa inakula umeme wa ukutani hata kama mashine yenyewe umeizima. Kwa hiyo betri iliyokufa haijifichi. Umeme unakatika usiku, asubuhi unawasha mashine inakwambia ni Januari ya mwaka ambao mwanao alikuwa hajazaliwa. Au saa inasimama jioni ulipozima kila kitu ukutani, kesho yake inaendelea pale ilipoishia. Hapo badilisha, wala usiningoje mimi. Ofisi zenye mtindo huo wa kuzima ukutani kila jioni ndizo zinazomaliza betri mapema.

Lakini mashine ambayo tarehe yake ni sahihi, ila kila mwezi imepungukiwa dakika moja, betri yake haina kosa lolote. Mwenye kosa ni kwatzi, kipande kidogo cha fuwele kinachoipa saa mapigo yake. Kipande hicho hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Saa huhesabu mitikisiko na idadi ikitimia husogeza sekunde moja. Kwatzi za bei ya kawaida hutoka kiwandani zikiruhusiwa kukosea kiasi cha sehemu 20 katika milioni. Utasema ni kidogo, ila piga hesabu: siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo unakosea sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Ongeza joto sasa. Kwatzi hizi zimetengenezwa zishike majira vizuri kwenye nyuzijoto 25 hivi, na ukipanda au ukishuka kutoka hapo zote hupunguza mwendo. Kasha lililojaa vumbi, chini ya kaunta isiyopitisha hewa, likifika nyuzijoto 45 unajiongezea kuchelewa kwa zaidi ya sekunde moja kila siku. Betri mpya haitakurudishia hata nusu yake.

Tena mashine ikishawaka, mfumo endeshi, yaani Windows au Linux, huisoma saa ya mazabodi wakati wa kuwaka, kisha hujihesabia yenyewe kwa kwatzi nyingine, yenye kasoro zake. Ukitaka kuhakikisha, izuie isiulize saa mtandaoni, iache inawaka wiki nzima bila kuizima, halafu ilinganishe na simu. Ikiwa imechelewa, betri haihusiki, maana wiki nzima haikuguswa.

Dawa ya kwatzi ni kumuuliza anayejua, tena mara kwa mara. Ndiyo kazi ya NTP, utaratibu wa kompyuta kuulizana saa kupitia mtandao, ambao David Mills, baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alichapisha maelezo yake mwaka 1985 na bado tunautumia. Ushauri wangu, na wateja wamechoka kuusikia: weka chrony, programu ya kurekebisha saa kwa NTP, kwenye seva moja ya Linux ofisini, mashine nyingine zote ziiulize hiyo. Chrony hujifunza kwatzi yako inakosea kiasi gani na kuifidia, hata siku ambayo intaneti imekata.

"Intaneti yangu ya kusuasua, itanipa saa mbovu." Hapana. NTP hupima muda wa kwenda na kurudi, kisha huukata katikati. Swali na jibu vikichukua nusu sekunde, kosa haliwezi kuzidi robo sekunde.

"Ipo kwenye intaneti, itajirekebisha." Si lazima. Faiawo nyingi za ofisini, yaani walinzi wa mtandao, zimefunga poti 123 ya UDP, mlango ambao NTP hupitia, na hakuna anayejua. Windows nayo ikikuta tofauti ni kubwa mno, zaidi ya saa 15, inaweza kukataa kurekebisha. Weka tarehe kwa mkono kwanza. Na kabla hujampigia simu mtu wa intaneti kwa sababu kila tovuti inalalamikia cheti cha usalama, tazama kona ya chini kulia: tarehe ni ya lini? Cheti kina tarehe zake, na tarehe ya mashine ikiwa mbovu kitaonekana hakifai.

"Inapotea kwa tofauti ya saa tatu kamili." Hiyo haijapotea. Ni ukanda wa saa uliowekwa vibaya, au mashine ina Windows na Linux pamoja: moja huandika saa ya hapa kwenye mazabodi, nyingine huandika UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Walio Dar es Salaam, msiutafute mji wenu kwenye orodha ya Windows, chagueni Nairobi. Na ikikosea kwa tofauti ya saa sita kamili, muulize aliyeiweka. Nimemkuta karani aliyeandika 2:00 kwa kuwa ilikuwa saa mbili asubuhi, na kwa Kiswahili hakukosea.

"Dakika chache zina madhara gani?" Kwenye mtandao wa ofisi unaotumia domain ya Windows, yaani seva moja inayosimamia nani aingie, tofauti ikizidi dakika 5 mashine inakataliwa kuingia. Dukani ni kubaya zaidi. Mwenye duka mmoja aliibiwa, tukafungua kamera kutafuta risiti ya saa nane na dakika ishirini, kumbe DVR, mashine inayorekodi picha za kamera, ilikuwa nyuma kwa dakika 11. Tulitazama watu wasiohusika kwa muda mrefu kabla ya kugundua. Kwenye menyu ya DVR nyingi NTP ipo, imezimwa tu. Tuliiwasha, tukaielekeza kwenye seva ya dukani. Betri alikuwa ameshaibadilisha mara mbili.