Kiprekmurje: lahaja ya Kislovenia iliyokuwa na vitabu vyake

Kiprekmurje husemwa Prekmurje, kaskazini-mashariki mwa Slovenia, ng'ambo ya mto Mura. Wasemaji wengine wako Hungaria, katika bonde la mto Rába karibu na Szentgotthárd. Wanaisimu hukiweka katika kundi la lahaja za Kipannonia.

Kukiita lahaja ni sahihi, ila kuna jambo la kuongeza: kilikuwa na maandishi sanifu yake chenyewe. Kwa karne nyingi, hadi 1919, Prekmurje ilikuwa ndani ya ufalme wa Hungaria, huku Waslovenia wengi wengine wakitawaliwa kutoka Vienna. Waumini wa huku walihitaji vitabu wanavyovielewa. Franc Temlin akachapisha katekisimu mwaka 1715, na mwaka 1771 ikatoka tafsiri ya Agano Jipya ya Števan Küzmič, Nouvi Zákon. Jina hilo lenyewe linabeba alama ya lahaja, kwani Kislovenia sanifu husema novi. Vivyo hivyo mleko (maziwa) huwa mlejko.

Sauti inayowatambulisha wasemaji upesi zaidi ni ü. Tamka i, ulimi ubaki palepale, kisha viringisha midomo kama ya u. Ukirudisha ulimi nyuma utapata u ya kawaida, na neno litasikika kama la Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia. Duša (roho; š husomwa sh) hapa ni düša. Ura (saa) ni vüra, na hiyo v ya mwanzo huongezwa pia kwenye maneno mengine yaliyoanza kwa u.

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakotofautisha maneno, ambayo baadhi ya lahaja za Kislovenia bado zinayo, hapa imepotea. Urefu wa irabu umebaki, na mkazo hauna mahali pamoja pa kudumu. Aliyezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho atakosea mara kwa mara.

Wanaosoma machapisho ya zamani hukwama kwenye tahajia, iliyofuata Kihungari: sz ni s, s peke yake ni sh, cs ni ch. Kwa hiyo szvéti (takatifu) husomwa sveti, na düsa ni ileile düša. Maandishi ya siku hizi hutumia č, š na ž, basi kabla ya kutamka s yoyote, tazama kwanza kitabu ni cha enzi gani.